Shoka la Bi Thuwaiba

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuficha mwisho utajitokeza wenyewe. Niliwahi kumweleza mtu, kwa kirefu na kwa mifano, hila ile ile aliyokuwa akinifanyia wakati huo huo. Si kumweleza tu. Nilimfundisha namna Waingereza wanavyoisema, na alipokosea nikamsahihisha matamshi. Yeye akacheka, akanisogezea sahani ya tende, akaniambia nile. Nikala.

Nimeyakumbuka haya juzi nikipanga kabati la jikoni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni mpaka barazani, na nikifika barazani hupumzika kabla ya kurudi. Nyuma ya masufuria nikaikuta ile chupa ya kahawa ya zamani, nyekundu, yenye maua yaliyobanduka. Nikafungua kifuniko. Miaka mingi haijatiwa kitu, lakini harufu ya hiliki ilikuwa imelala humo ndani, na ilipoamka iliuamsha na wivu wangu. Nakwambieni nyinyi wa rika langu, wivu hauozi. Hukauka tu kama ndimu za kutilia mchuzi; utie maji ya moto uone.

Chupa ile ilikuwa yangu. Siyo kwa kununuliwa, kwa cheo. Nyumbani kwetu Ibra, huku Oman, kama nyumba zote, mdogo wa nyumba ndiye anayewatilia wageni kahawa. Chupa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, unaanza na mkubwa wa wageni, hujazi, na huketi mpaka kila mtu ametikisa finjani yake kuonyesha imemtosha. Sikuwa na kipaji kingine. Skuli nilikuwa wa katikati, ushoni nilijidunga vidole, na chapati zangu zilitoka na rasi na ghuba. Lakini kahawa nilijua kuitia, na wageni walisema, na mama alinitazama kwa lile jicho lake la kuniridhia. Jicho lile moja lilikuwa linanitosha wiki nzima.

Ndipo akaja Rahma.

Rahma alikuwa binti wa baba yangu mkubwa, aliyebaki Tabora wakati sisi tulipokuwa tumekwisha rudi Oman zamani. Baba yake alimtanguliza akae kwetu mpaka yeye mwenyewe amalize kuuza duka aje. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mwenye mwanya, na sanduku lake lilinuka asali kwa sababu chupa moja ya asali ya Tabora ilivunjika ndani ya ndege. Nguo zake zikanuka asali mwezi mzima. Nyuki wa Ibra wote walimjua kabla ya majirani.

Alipoingia mlangoni alimwinamia mama, "Shikamoo, mama mdogo," na mama akaanza kulia palepale. Sikuelewa. Mimi nilimwamkia mama kila siku na hakuna aliyelia. Nimekuja kufahamu ukubwani: mama alikuwa ana kiu ya Kiswahili. Baba alikuwa ofisini kutwa na Kiarabu chake. Mimi nilikichechemeza Kiswahili, kila sentensi nikiisaidia kwa maneno ya Kiarabu kama mtu anayevuka falaji, mfereji wa maji ya mashamba, kwa kukanyaga mawe. Rahma alikuwa na Kiswahili chote mdomoni. Basi wawili hao wakajifungia jikoni na kusemezana na kucheka mpaka mama alishika ubavu, na mimi nikisimama mlangoni nikiuliza, "Nini? Mmesema nini?" mama hujipangusa machozi na kusema, "Ah, mwanangu, hiki hakielezeki."

Hakielezeki. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Chapati za Rahma zilikuwa duara kama zimekatwa kwa finjani. Aliimba akikanda, akiosha, akianika. Alikwenda kwa jirani yetu Bi Zamzam, bibi kizee mwenye miguu inayouma, akakaa naye hata saa mbili nzima akimsikiliza hadithi ambazo sisi sote tulikuwa tumezikimbia. Na wiki ya tatu, walipokuja wageni, mama, bila hata kufikiri, alimpa Rahma chupa ya kahawa. "Mwache mwenzio leo," akaniambia. Ile leo haikwisha. Nilikaa pembeni na sahani ya halua kama mgeni ambaye hakualikwa, nikasikiliza: mashaallah mkono wake, mashaallah sauti yake, mashaallah Rahma.

Wakati huo nilikuwa na abla wa Kiingereza, Mmisri mnene mwenye huruma, aliyependa kutufundisha misemo kuliko kanuni. Siku moja alituambia kwamba Waingereza, mtu akiwa na jambo lake analolificha nyuma ya maneno matamu, husema huyo ana shoka la kunoa. Akatupa na asili yake. Mtoto alikuwa njiani kwenda skuli siku ya baridi, akakutana na mtu amebeba shoka. Yule mtu akamwambia, mwanangu mzuri, kwenu mna jiwe la kunolea? Mna? Wewe una nguvu na akili, sijapata kuona mtoto kama wewe, hebu nizungushie kidogo. Mtoto kichwa kikamvimba. Akazungusha jiwe na kuzungusha, mikono ikachubuka, shoka lilikuwa jipya na halikutaka kunoleka. Lilipokuwa kali, kengele ya skuli ikalia, na yule mtu akamkaripia: mvivu mkubwa we, unakaa hapa wenzio wako darasani, toka mbio. Tangu siku hiyo mtoto yule, kila akimwona mtu anasifu sana, hujiuliza shoka lake liko wapi.

Darasa zima lilinakili ubaoni. Mimi nilitaka kumbusu abla. Alikuwa amenipa dawa. Ikiwa kila sifa ina shoka nyuma yake, basi Rahma hakuwa bora kuliko mimi; alizungukwa na watu wenye mashoka tu.

Nikaanza msako. Yule mama muuza vitambaa, aliyeingia kwetu akisema macho ya mama hayazeeki: shoka. Mjomba aliyelisifu gari la baba, tairi hata tairi, kabla ya kuliomba aende nalo Nizwa sokoni: shoka, tena la pande mbili. Nilirudi nyumbani kila siku nimejaa ushahidi. Nikamhadithia Bi Zamzam, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akijikanda magoti kwa mafuta ya nazi.

"Jiwe la kuzungusha," alisema, "hiyo ni cherehe. Unguja walipita nazo mitaani wanoa visu. Na hayo ya shoka hayakuanza na Waingereza. Wazee wetu walisema akumulikaye mchana usiku hukuchoma."

"Basi na wanaomsifu da Rahma wanataka kumchoma?"

Alinitazama, akaendelea kukanda magoti. "Wanaomsifu Rahma wanasifu chapati," akasema. "Umezila wewe?"

Nilikuwa nimezila. Nne, asubuhi hiyo hiyo.

Bi Thuwaiba alikuja kwa kofia. Mama alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile nyeupe za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, ambazo kofia moja yaweza kukalisha mtu miezi. Bi Thuwaiba alikaa Al Qabil, mumewe ana shamba la mitende huko, na alitaka kofia ya mwanawe aliyekuwa karani serikalini. Alileta kipimo cha kichwa kwa uzi. Mama akachora, na kwa vile macho yake yalianza kuchoka, kazi ya vitundu akampa Rahma. Bi Thuwaiba akasema atakuwa akipita Alkhamisi kuangalia kofia imefika wapi. Mtu hapandi gari kila Alkhamisi kuangalia kofia, hata mimi nalijua hilo leo. Siku hizo sikulijua, kwa sababu Alkhamisi ya kwanza Bi Thuwaiba alifanya jambo moja: alimtazama Rahma kashika chupa, akanigeukia mimi pale pembeni na halua yangu, akasema kwa Kiarabu, "Na huyu mdogo je, hatii kahawa?"

Chupa ikarudi mkononi mwangu. Nilimtilia. Alikunywa, akafumba macho.

"Mkono huu," akamwambia mama, "ni mkono wa mtu mzima."

Hakumsifu Rahma hata neno moja. Si siku hiyo, si Alkhamisi iliyofuata. Alipoonyeshwa kofia aliigeuza, akahesabu vitundu kwa ukucha, akairudisha. Rahma akatabasamu, akainamia sindano. Nami nikasema moyoni, huyu ndiye mtu. Wote wana mashoka, huyu hana, maana amenisifu mimi, na mimi sina cha kumpa.

Nikawa wake. Nilimngoja mlangoni, nilimbebea viatu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, alichokisikia kwa watu wa mumewe, kwa hiyo tulisemezana Kiarabu, lugha yangu ya nguvu, na mara hii Rahma ndiye aliyeachwa nje akiuliza mmesema nini. Utamu wa jambo hilo sitausahau. Bi Thuwaiba alinitaka nimsindikize mpaka garini, na njiani alikuwa akiuliza mambo madogo madogo, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Mwenzako huamka mapema?"

"Kabla ya adhana. Anaimba, anatuamsha sote."

"Hakasiriki?"

"Hajui hata kukasirika. Anatumwa maji mara nne na anakwenda mara nne. Kama punda."

Nilimwambia kila aibu ya Rahma niliyoijua. Kwamba Kiarabu chake ni cha kuchekesha, dukani anaonyesha vitu kwa kidole. Kwamba kutwa ni Kiswahili tu, hata mbele za watu, hana haya. Kwamba anapoteza alasiri nzima na bibi kizee wa jirani, akimsugua miguu na kusikiliza habari zile zile za Unguja, na anacheka kila mara kama hajazisikia. Kwamba anapika vyakula vya zamani, mchuzi wa papa na mkate wa kumimina. Bi Thuwaiba alikuwa akisikiliza huku kapinda shingo. "Meskini," husema. Mimi nilidhani anamhurumia mama yangu.

Wanawake wa kwetu wakitaka kujua habari za msichana hawamuulizi mama yake, maana mama atasema nini? Wala hawawaulizi majirani wakubwa, watasikika. Humtafuta mtoto wa nyumba. Kila mwanamke anajua hivyo. Nilikuwa sijawa mwanamke bado.

Joto lilipokuja na busri, zile tende za kuchemshwa, zikaiva, Bi Thuwaiba aliniombea ruhusa kwa mama niende shambani kwao Ijumaa moja nione tende zinavyochemshwa. Mimi. Si Rahma. Nilivaa nguo ya Idi. Shamba lilijaa moshi na harufu ya sukari. Masufuria makubwa kama matangi ya maji yalitokota, tende za manjano zikipanda na kushuka ndani yake. Tuliketi kivulini tukizitandaza juu ya mikeka, na hapo ndipo nilipompa lile somo langu.

"Watu wote wanamsifu Rahma," nikasema, "lakini wana shoka la kunoa."

"Shoka gani tena?"

Nikamsimulia yote, baridi, skuli, cherehe, mikono iliyochubuka. Nikamtajia kwa Kiingereza. Alirudia, akaharibu. Nikamrudisha: hapana, khalti, ulimi uweke hivi. Alirudia tena, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifunika uso kwa shela.

"Na huyo mtoto," akauliza alipopata pumzi, "hakumshuku hata kidogo?"

"Alikuwa mjinga."

"Hakuwa mjinga, mwanangu. Alikuwa anapenda kusifiwa." Akanisogezea ile sahani ya tende. "Kula. Mkono wako mwepesi, mashaallah, umetandaza kuliko sisi sote."

Baadaye alinipeleka chumba cha nyuma kumwamkia mama mkwe wake. Alikuwa mzee sana, mdogo kama mtoto kitandani. Bi Thuwaiba akanieleza kuwa tangu alipougua, Kiarabu kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili, na nyumba nzima hakuna wa kusema naye. Mumewe Bi Thuwaiba anajua salamu, wanawe hata salamu hawazijui. "Sema naye," akaniambia, na akasimama mlangoni kusikiliza.

"Shikamoo, bibi."

Macho ya yule mzee yakafunguka. "Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi? Wa Malindi, au wa Funguni?"

"Wa Ibra," nikasema, nisijue kwamba ananitajia mitaa ya Unguja.

Akauliza jambo jingine, refu, lenye mizaha ndani, nikajua ni mizaha kwa vile midomo yake ilivyokaa. Sikulifahamu. Nikasema, "Ndiyo." Alinitazama kidogo zaidi, kisha akageukia ukutani. Nilipotoka Bi Thuwaiba hakunisifu kitu.

Kofia ilipokwisha, Bi Thuwaiba alituma salamu kuwa Alkhamisi atakuja na mumewe na shemeji yake. Nami nilijua wanalojia. Alikuwa amesema mara mbili kwamba laiti angekuwa na binti wa kumfariji shambani likizo. Nikafunga mfuko wangu, nguo, mswaki na marashi ya mama niliyoyaazima bila kusema, nikauficha chini ya kitanda. Niliona uso wa Rahma utakavyokuwa akisikia nimechaguliwa. Niliufanyia mazoezi na wangu, ule wa unyenyekevu.

Wanaume walikaa kwa baba. Bi Thuwaiba alikaa na mama ndani, na mimi nikatia kahawa. Alipokea finjani, akaiweka chini mbele yake, haikuguswa. Mama akanyooka. Kwa kawaida yetu mgeni akiweka kahawa chini hivyo ana haja kubwa, na hanywi mpaka ajibiwe.

"Kunywa, dada," mama alisema. "Haja yako ikiwa mikononi mwetu imekwisha."

"Tumekuja kumtaka binti yenu," akasema Bi Thuwaiba.

Wallahi nilipiga hatua mbele. Chupa mkononi, na ule uso wa unyenyekevu. Bi Thuwaiba akainua macho akaniona, na kwa mara ya kwanza niliona haya ikimpita usoni.

"Rahma," akasema taratibu. "Kwa mwanangu. Ile kofia aliyoishona ni yake."

Niliirudisha hatua yangu. Nikamtilia mama kahawa juu ya ile iliyokuwemo, ikamwagika sahanini.

Rahma alikuwa jikoni. Mama alimwambia, akampa muda wa kufikiri, akarudi kwa mgeni. Tukabaki wawili. Alikuwa ameshika mchi hajui autie wapi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, na kwa Kiswahili chepesi, kile alichonitengenezea mimi ili nifahamu, nami kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba siku zote alikuwa akinitengenezea:

"Mdogo wangu, wewe umefika kwao. Umewajua. Ni watu wema?"

Pale ningeweza kusema yote. Ningeweza kumwambia kuna bibi chumba cha nyuma, na kwamba wanamtafutia ulimi wa kusema naye kama wanavyomtafutia mwana wao mke. Sikumtaja. Nilisema wana mitende mingi. Nilisema Bi Thuwaiba hapigi kelele. Nilisema mwanawe nimemwona kule shambani, hana kitambi. Yote kweli.

"Basi alhamdulillahi," alisema Rahma, akanibusu kichwani, mkono wake unanuka kitunguu.

Siku aliyoondoka alivaa kijani. Garini aliimba kidogo ili mama asilie, na mama akalia. Siku hizi nikimwona hucheka kwa ule mwanya na kunihadithia habari za yule bibi mzee, jinsi walivyochekeshana miaka miwili mpaka alipokufa, na kuwa hakupata kuwa na rafiki kama yeye. Hajaniuliza kwa nini sikumtaja. Lakini wiki ile ya kwanza mimi sikujua hayo. Nilijua kuwa jikoni kumenyamaza. Nilijua kuwa chupa ya kahawa imerudi kwangu, na mama haniangalii nikitia, anaangalia mlango. Siku moja aliniambia neno kwa Kiswahili, refu, la mzaha, midomo yake imekaa kama ya yule bibi. Nikasema, "Ndiyo." Akageukia sufuria.

Nikaenda kwa Bi Zamzam, nikajitupa mkekani, nikalia. Nikamwambia Bi Thuwaiba amenidanganya, amenizungushisha cherehe, kanisifu mkono wangu bure kumbe alikuwa na shoka lake tangu siku ya kwanza, na mimi sikutaka chochote, chochote kabisa, nimetumiwa tu. Bi Zamzam alinisikiliza mpaka mwisho. Miguu yake ilikuwa haijasuguliwa tangu Rahma aondoke, na chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa mbali na mkono wake. Akasema:

"Kwani nani kakutumia wewe? Ulitaka Rahma aondoke, kaondoka. Sasa futa kamasi, nipe hayo mafuta, kisha nenda ukamsaidie mama'ko kukanda unga. Mikono iliyobaki nyumbani kwenu ni hiyo yako tu."